Fundi Aliyezipotosha Ndege

Kwa miaka mingi fundi wetu wa nguo aliishi akiamini kwamba alimuua mama mkwe wangu. Miaka hiyo yote mama mkwe wangu alikuwa Kibugu, mzima wa afya, akipalilia viazi na kunisengenya kwa majirani. Hakuna aliyejua Fundi yuko wapi ili ampelekee habari, na yeye mwenyewe hakuthubutu kurudi kuuliza. Nikikumbuka jinsi alivyojitesa bure namhurumia, halafu nacheka, na nadhani yeye angependelea nianze na kicheko.

Jina lake nalijua, ila nikilitumia hapa nitahisi namzungumzia mtu mwingine. Pale Majengo, mjini Embu, mafundi wengine waliitwa kwa majina yao, na yeye akaitwa Fundi tu. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye baraza ya duka la chumvi na mafuta ya taa. Nilikuwa mke mpya wa Kibugu, nashuka mjini siku za soko na mzigo wa kabichi mgongoni, na baraza ile ilikuwa na kivuli na benchi. Aliniruhusu nipumzike hapo, kisha akanifundisha Kiswahili kwa kunikosoa kila nilipofungua mdomo. Kiembu chake yeye kilikuwa kibaya kuliko Kiswahili changu, lakini ukimkosoa alinuna mpaka jioni.

Kitu kimoja Fundi hakukiweza maishani, nacho ni kutupa kitambaa. Vipande vilijaa kwenye magunia chini ya meza, juu ya dari, hata ndani ya mto aliolalia. Ukimpelekea kitambaa cha gauni alikurudishia gauni lako vizuri tu, halafu wiki ijayo ukaona mtoto wa jirani amevaa ukosi unaofanana na wewe. Nilimwambia huo ni wizi.

"Wizi gani, binti? Wewe ulitaka gauni, umepata gauni. Hiki kilibaki."

"Si kilibaki kwa kitambaa yangu?"

"Kilibaki mkononi mwangu," alisema, na kwake mjadala uliishia hapo. Lakini mkono huohuo ulitia viraka kaptura za watoto wa shule wa mtaa mzima, bila kumwomba mzazi yeyote hata asante. Ndiyo maana tulimlalamikia na tukaendelea kumpelekea vitambaa.

Tena hakumpima mwanamke. Tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake siku zote, safi kabisa, haina kazi. Aliona ni utovu wa adabu kuzungusha kitu kiunoni mwa mke wa mtu. Alikutazama mara moja kutoka mbali, akafumba jicho moja, akakata. Na kwa kuwa aliogopa nguo isije ikabana, alikata pana. Mama mkwe wangu alishonewa gauni la kwendea kanisani, rangi ya bluu, na alipolivaa tulimtafuta ndani yake. Alishuka nalo mjini siku hiyohiyo.

"Fundi, hii umenishonea mimi na nani?"

"Utanenepa, mama, inshallah."

Mama mkwe alirudi Kibugu, akalifungia gauni sandukuni, na akaapa kwamba hatanenepa kamwe, ili amkomoe. Alikuwa mama wa namna hiyo. Kwa miezi kadhaa tuliona akiacha chakula nusu.

Sasa niseme habari za ndege, kwa sababu bila ndege Fundi angekuwa fundi mwingine tu. Wazungu wenye mashamba upande wa Nanyuki walikuwa na ndege zao ndogo, za kuketi watu wawili au watatu, na walishindana nazo kama vijana wetu walivyoshindana na baiskeli. Waliruka kutoka kwao, wakazunguka Mlima Kenya, wakarudi. Zile za polepole zilitangulia na za kasi zikafuata baadaye, ili kila mmoja awe na tumaini. Njiani, kwenye viwanja fulani, palitandazwa kitambaa kikubwa cheupe cha pembetatu juu ya nyasi. Kila ndege ilipaswa kushuka chini, iinamishe bawa, iizunguke ile pembetatu, ndipo iendelee. Refa aliketi kando na darubini. Asiyezunguka alikuwa ameshindwa hata akifika wa kwanza. Kona ya mwisho ilikuwa kwenye kiwanja chetu cha Embu, na pembetatu ya kona hiyo ilishonwa na Fundi, kwa marekani nzito iliyokunjwa mara mbili.

Siku ya mashindano alifunga kazi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, koti juu yake, akabeba kiti chake mwenyewe hadi kiwanjani na kuketi mbali kidogo na refa, kana kwamba wao wawili ndio wenye shughuli. Hakucheza kamari, dini yake haikumruhusu, lakini alichagua ndege, na siku zote alichagua ile ya polepole kabisa, ambayo hupitwa na wenzake wote. Ikipitwa aliumwa na kichwa mpaka kesho yake. Mara moja nilikwenda naye. Ndege ya njano ilikuja, ikalala upande juu ya kitambaa chake, na Fundi akaifuata kwa kiganja cha mkono.

"Umeona alivyokata? Kona ni kama kwapa la koti, binti. Ukiliacha pana linalegea, ukilibana linachanika. Yule kalikata sawasawa."

Nami nilifurahi, sitadanganya. Nilikuwa sijawahi kuona watu wazima wakitumia kitu cha gharama namna ile kwa mchezo mtupu.

Lakini yeye mwenyewe kuruka hakutaka. Rubani mmoja aliyetua kiwanjani alimpa nafasi, kama shukrani kwa mfuko wa upepo aliokuwa amewashonea, ule unaoning'inia kwenye mlingoti kuonyesha upepo unatoka wapi. Mtaa mzima ulitoka kumuaga. Fundi alipanda, akafungwa mkanda, akatupungia. Rubani alipotaka kuwasha mashine tu, Fundi akafungua mlango na kushuka.

"Nimekumbuka," alisema, "nimeacha pasi na makaa yake juu ya suruali ya mtu."

Alirudi dukani kwa haraka. Pasi ilikuwa baridi, nami nilikuwa nimeiona asubuhi ikiwa baridi. Hakuna aliyemtania, kwa siku moja. Siku ya pili ikawa kila anayepita barazani anauliza kama suruali imepona.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Mume wangu alichukuliwa, akapelekwa kizuizini, na kwa muda mrefu sikujua ni kambi gani. Nyumba zetu za Kibugu zilichomwa, tukasongwa pamoja kwenye kijiji kimoja chenye handaki na miti iliyochongwa ncha pande zote, na kutoka mle ilikuwa kwa kibali. Mimi, mama mkwe na mtoto wangu Ireri tulilala chumba kimoja na familia nyingine. Na ndege zilezile ndogo, zikiendeshwa na wazungu walewale wa mashamba waliojiunga na polisi, sasa zilipita juu yetu kwenda kuangusha mabomu msituni, walikojificha ndugu zetu waliopigana na serikali. Tulijifunza kuzijua kwa mlio. Mtoto akililia uji, ukapita mlio ule, alinyamaza.

Fundi alibadilika kwa namna yake. Mtu aliyekuwa akikatiza mazungumzo ili atazame ndege, sasa akisikia mlio aliinamisha kichwa na kukanyaga cherehani kwa nguvu, wakati mwingine hata bila nguo chini ya sindano. Nilimuuliza kama hazitazami tena.

"Hizi zina kazi," alisema. "Mimi nilipenda zile za mchezo."

Hata hivyo aliendelea kuwashonea mfuko wa upepo. Niliposikia, nilipandwa na hasira. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mabomu yanayoanguka juu ya ndugu zetu yanapata njia kwa mfuko wake. Hakunikosoa Kiswahili siku ile.

"Nikikataa utashonwa Nairobi," alisema polepole, "na mimi nitalala ndani. Sina ushujaa huo, binti. Nakwambia ukweli."

Nilikaa muda bila kukanyaga baraza yake. Nilimchukia, na nilimkosa, yote mawili.

Kilichonirudisha kwake ni shida. Wanawake wa kijiji chetu tulikuwa tukipelekwa kila asubuhi kufyeka ukingo wa msitu, kazi ya lazima, ili watu wa msituni wasipate pa kujificha. Ukiwa juu angani, mtu yeyote aliye ukingoni ni adui. Basi ikatolewa amri: kila kundi la wafyekaji litandaze kitambaa kikubwa cheupe, ndege za polisi zijue hapa pana watu wa serikali. Kundi lisilo na kitambaa lijilaumu lenyewe. Amri ilikuwa nzuri, ila kijiji kizima hakikuwa na kitambaa cheupe kinachozidi foronya ya mto.

Nilipata kibali cha kwenda mjini kununua chumvi. Nikapita barazani, nikamweleza Fundi bila kuketi. Alisimama, akaingia ndani, akavuta gunia, na akatoa pembetatu nzima ya mashindano.

"Hii ilikataliwa na refa," alisema. "Pembe moja mshono wake umepinda. Ilibaki."

"Wakijua umenipa?"

"Ndiyo maana utaivaa."

Kumpa mtu wa kijijini kitu chochote bila kibali kulitosha kumpeleka mtu kambini, na yeye, aliyekiri kwangu kwamba hana ushujaa, aligeuka akatazama ukuta huku nikijizungusha ile marekani tumboni chini ya gauni. Lile gauni alinishonea yeye, kwa hiyo nafasi ilikuwepo tele. Nilipita mlango wa kijiji mnene kama mwenye mimba kubwa, na homugadi wa zamu, askari wa kijiji wa upande wa serikali, akanipisha kwa heshima.

Wala mimi wala Fundi hatukufikiria mashindano. Yalikuwa yamesimamishwa tangu vita vianze. Pembetatu yetu ilitandazwa ukingoni kila siku, mawe kwenye pembe, na polisi wa angani walituona wakapita. Tulilala usingizi wetu.

Halafu vita vilipoanza kulegea, wazungu wakarudisha mchezo wao. Sisi hatukuambiwa. Asubuhi hiyo wingu lilikuwa limekaa chini. Tulikuwa tukifyeka, Ireri mgongoni mwangu, tukasikia mlio kutoka upande wa Meru, na huo mlio haukwenda juu ya msitu. Ulikuja kwetu, ukishuka. Panga zilianguka. Wanawake walijitupa chini kila mahali. Nilimzungusha Ireri mbele, nikamlalia, nikasema moyoni kwamba mume wangu atarudi akute hakuna mtu wa kumpikia. Ndege ilifika juu yetu, chini sana hata nyasi zikalala. Ikainamisha bawa, ikazunguka kitambaa, ikaenda zake. Haikuangusha kitu. Kabla hatujainua vichwa ikaja ya pili. Nayo ikainama, ikazunguka, ikaenda.

Ya tatu ilikuwa ya njano. Nilipoiona ikilala upande, nikakumbuka kiganja cha Fundi.

"Hawa wanakata kona," nilisema. Kisha nikapaza sauti wote wasikie. "Amkeni, hii ni mashindano. Wanacheza."

Mmoja alikaa, halafu mwingine. Ya nne ilipokuja tulikuwa tumesimama, na mtu mmoja akaipungia kanga. Sijui niseme vipi furaha ile. Tangu vita vianze hakukuwa na ndege iliyokuja juu yetu ikawa haina neno nasi. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Homugadi aliyetusimamia alitoka kwenye mtaro akiwa tope tupu, na hata yeye tulimcheka, naye hakuthubutu kukasirika.

Mama mkwe peke yake hakuamka. Alikuwa ameanguka chali, na hapo chali akabaki, mikono kifuani.

"Mama, amka, imekwisha."

"Siamki. Tangu wanilazimishe kufyeka sijapumzisha mgongo. Waje tu."

Homugadi alichukua baiskeli akateremka mbio kwenda kiwanjani kutoa ripoti. Alipoondoka alimwacha mama mzee chini, haamki, na hiyo ndiyo picha aliyoibeba.

Yaliyotokea kiwanjani Fundi alikuja kunisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kanzu na koti, pembetatu nzuri imetandazwa mbele yake. Refa anatazama saa, anatazama anga. Milio inasikika kule juu, nyuma ya matuta, inakuja, inageuka, inapotea, na hapa haifiki hata ndege moja. Refa akaanza kutukana ramani. Fundi alitazama ile pembetatu nzuri, na hapo akaikumbuka ile mbaya. Alikuwa bado anajiambia kwamba haiwezekani, baiskeli ikafika.

"Ndege zimewashukia wanawake Kibugu," homugadi alimwambia refa, huku anahema. "Kuna mama mzee ameanguka. Haamki."

Fundi alikunja kiti chake akaondoka taratibu. Alfajiri iliyofuata alikuwa juu ya lori la mfanyabiashara mwenzake wa msikitini, akielekea Meru, na kichwa cha cherehani amekizungushia blanketi mapajani.

Kuondoka kwake ndiko kulikotuletea balaa. Inspekta wa polisi, mzungu, alifika kijijini na mkalimani, pembetatu mkononi. Alitupanga mstari. Fundi wa Majengo ametoroka, alisema, kwa hiyo ndiye aliyeshona alama hii kupotosha ndege, na huenda ni ishara kwa watu wa msituni. Anataka tu mtu mmoja athibitishe. Tukisema ndiyo, Fundi atasakwa hadi apatikane, na sote tulijua mtu wa shitaka hilo harudi haraka. Tukikataa, kijiji kitafungwa, hakuna soko wala maji ya mtoni. Macho yalinijia mimi kidogo, kisha yakaniacha. Nilimshika Ireri nikatazama chini.

"Nani alishona hii?" mkalimani aliuliza.

"Mimi," mama mkwe wangu alisema.

Yule mama hakuwa ameshika sindano tangu azaliwe. Vishikizo vya nguo zake nilivishona mimi. Inspekta akamtazama, akataka aletewe sindano na uzi, ashone mbele yake. Mama mkwe alipokea. Akaulowesha uzi mdomoni. Akasema sindano haina tundu. Akaomba ageuzwe upande wa jua, kisha jua likawa kali, akaomba kivuli. Inspekta alikuwa amekuwa mwekundu shingoni kabla uzi haujaingia. Mwishowe akashona mshono mmoja mfupi uliokwenda kama njia ya mbuzi, akamrudishia.

"Lakini mshono wa kitambaa hiki umenyooka," mkalimani alitafsiri.

"Si yote," mama mkwe alisema. Akaivuta pembetatu, akatafuta ile pembe iliyokataliwa na refa, akaiweka mbele ya pua ya inspekta. "Hapa nilikuwa nimechoka."

Inspekta hakuwa mjinga. Alisema atarudi na pingu, na mlango wa kijiji ukafungwa. Tulingoja. Maji yalianza kuisha kwenye mitungi, watoto wakawa wanalia kwa zamu, na usiku mama mkwe alilala kimya ubavuni pangu, bila kunisema hata kwa jambo moja. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Aliyerudi ni mkalimani, peke yake, juu ya baiskeli, na mtu yule hakuweza kuweka neno ndani. Ndege iliyoshinda, alisema, ilikuwa na watu wawili: rubani, na kando yake, akishika ramani, Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa serikali wa eneo letu. Ni yeye aliyekiona kitambaa chetu wa kwanza akasema kona ile pale. Wengine walifuata. Kikombe cha ushindi kilikuwa tayari mezani kwake. Sasa kama kitambaa cha Kibugu ni cha uongo, basi hakuna aliyezunguka kona, na kama hakuna aliyezunguka, hakuna aliyeshinda.

"Kwa hiyo wamekaa wakakubaliana," mkalimani alisema, "hiyo ilikuwa kona halali. Kesi imekufa. Mlango ufunguliwe." Akashusha pembetatu kutoka kwenye karia ya baiskeli, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. "Na hii yako, fundi."

Tulikimbilia mtoni na mitungi kama watoto.

Fundi hakujua lolote kati ya hayo. Nilipopata kibali nilipita barazani nikakuta mtu mwingine anauza mafuta ya taa. Niliuliza, nikaambiwa Meru, wengine wakasema Maua, wengine wakasema amekwenda pwani. Mume wangu alirudi, amekonda, anakohoa, lakini alirudi. Uhuru ukaja. Ile pembetatu ikawa kitambaa chetu cha kila kazi: ilimbeba mtoto wangu wa pili, ikaanikiwa maharagwe, ikafungiwa mizigo.

Siku moja ilikuwa imefunga viazi na nduma. Nilikuwa nampelekea wifi yangu aliyeolewa Meru. Kwenye basi mtu aliweka sanduku juu ya mzigo wangu, kitambaa kikachanika katikati, na nilipofika mjini viazi vilianza kunidondoka njiani. Karibu na msikiti niliona mzee barazani na cherehani, miwani yake imefungwa kwa uzi, ndevu nyeupe. Nikamwaga viazi pembeni, nikampa kitambaa.

"Nisaidie hapa, mzee, nisiaibike."

Alikitandaza mapajani. Akautazama mchaniko, akasema huo ni mwepesi. Kisha akakigeuza, vidole vikifuata pindo kama desturi ya mafundi, vikafika kwenye pembe moja, vikasimama. Nilidhani amesinzia.

"Hapa nilitazama juu," alisema.

Sikuelewa. Aliweka kidole kwenye ule mshono uliopinda.

"Walikuwa wanafanya mazoezi siku ile. Ilipita moja juu ya baraza, nikatazama juu, mkono ukaenda. Refa akakataa." Hakuwa ameinua macho. "Unatoka Kibugu, mama?"

Nikamjua kwa sauti. Lakini kabla sijamwita, akauliza tena, chini kwa chini.

"Yule mama mzee. Mlimzika wapi?"

"Mama mzee gani?"

"Aliyelala ndege zilipokuja. Akawa haamki."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mtu huyu alikuwa amekibeba. Nilikaa chini kwenye baraza, katikati ya viazi.

"Fundi. Ni mimi, Mama Ireri. Yule ni mama mkwe wangu, na hakufa. Alikataa tu kuamka. Alikuwa anapumzisha mgongo."

Alinitazama kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya maneno.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Jana amenigombania jembe. Na anasema gauni bado ni pana."

Fundi alivua miwani. Alilia na kucheka kwa pamoja, kofia mkononi, na wapita njia wakasimama kuuliza kama kuna msiba. Kila Ijumaa, aliniambia, alikuwa akimwombea marehemu, na kutoa sadaka kwa jina lake ingawa jina lake hakulijua. Nikamsihi asimwambie hilo mama mkwe, maana atadai ile sadaka. Nilimsimulia habari za inspekta, sindano na uzi, na jinsi yule mama alivyosimama badala yake. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu uso ukabadilika.

"Alishona kama njia ya mbuzi, wakaamini ni kazi yangu?"

"Hawakuamini, Fundi. Walikuwa na kikombe."

Hilo lilimtuliza. Akashona ule mchaniko mara mbili, kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha, akafunga viazi vyangu mwenyewe.

"Mwambie nitakuja," alisema. "Mwambie safari hii nitampima."

Alikuja kweli, wakati wa kuvuna, kanzu na koti, tepu shingoni, amepanda gari tangu alfajiri. Nilimwona akiingia langoni nikapiga kelele kwa furaha kumwita mama mkwe aliyekuwa kwenye viazi. Alinyoosha mgongo, akamtambua, akatupa jembe, na akajilaza chali katikati ya matuta, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

Fundi alisimama ukingoni mwa shamba.

"Mama," aliita. "Amka, mama."

"Siamki," mama mkwe alisema. "Nipime hapahapa. Nimenenepa, usinionee haya."

Akapiga magoti kwenye udongo na kanzu yake safi, akavua tepu shingoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona Fundi akimpima mwanamke, kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mguu, akisoma kila namba kwa sauti.